Simu Moja, Sauti Arobaini: Kurekodi Katika Somo la Muziki la Sekondari

Jioni moja, wiki mbili kabla ya tamasha la muziki la kaunti ndogo, niliweka simu yangu kwenye dirisha la bwalo nikaiacha inase wimbo mzima bila kusimama. Mbele ya kwaya nilikuwa nimesikia kila kitu nilichotaka kusikia: sauti ya kwanza iling'aa, besi ilishika chini, maneno yalitoka safi. Nilipofika nyumbani niliisikiliza ile rekodi huku kinanda kiko mbele yangu. Tulianza kwenye do niliyoitoa mwenyewe. Kufikia ubeti wa tatu, kinanda na kwaya vilikuwa vimeachana. Tulikuwa tumeteremka karibu nusu toni, na mimi niliyesimama pale mikono hewani sikuwa nimehisi lolote.

Kiongozi wa kwaya huteremka pamoja na kwaya yake. Sikio halibebi do ya mwanzo kama mtu abebavyo kokoto mfukoni. Hujipanga upya kwa kila noti kulingana na ile iliyotangulia, na waimbaji arobaini wakishuka wote kidogo kidogo, sikio hushuka nao likiamini liko palepale. Nusu toni si umbali mdogo: noti ya la (A) inayopaswa kutetema mara 440 kwa sekunde huwa imefika karibu 415. Lakini ukiteremka umbali huo kwa vihatua vidogo vingi, hakuna kihatua hata kimoja kitakachokushtua.

Kwa hiyo ninapowaambia walimu wenzangu wa muziki warekodi mazoezi, sizungumzii video nzuri ya kuwaonyesha wazazi siku ya zawadi. Nazungumzia kutenganisha kazi mbili ambazo binadamu hawezi kuzifanya vizuri kwa wakati mmoja, yaani kuimba na kusikiliza. Rekodi huwapa wanafunzi nafasi ya kukaa upande wa pili wa meza, anapokaa mwamuzi, na kusikia anachosikia yeye. Ila chombo chenyewe kina tabia zake, na mwalimu asiyezijua atakuja kusahihisha makosa ambayo hayakufanywa na mtoto bali na simu.

Mwimbaji naye ana tatizo lake la ziada. Unapoimba, sauti yako hukufikia kwa njia mbili: moja kupitia hewani kama inavyowafikia wengine, nyingine kupitia mifupa ya kichwa. Mifupa hupitisha vizuri zaidi mitetemo ya chini, ndiyo maana kila mtu hujisikia ana sauti nzito kuliko ilivyo. Rekodi inaiondoa njia ya mifupa. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anayejisikia kwa mara ya kwanza huziba uso, hucheka, au huapa kwamba yule si yeye. Mara ya kwanza nilishangaa kwa nini darasa zima halikuweza kunijibu swali rahisi kuhusu mapigo; walikuwa hawasikilizi muziki hata kidogo, kila mmoja alikuwa akipambana na sauti yake. Tangu hapo, vipindi viwili vya kwanza vya kurekodi siulizi swali lolote. Tunarekodi, tunasikiliza, wanacheka wanachoka. Kazi huanza kipindi cha tatu.

Watu huzungumza juu ya sauti na video kana kwamba video ni sauti iliyoongezewa picha, hivyo ni bora daima. Mambo hayako hivyo. Mwaka 2013 mtafiti Chia-Jung Tsay alichapisha majaribio ambamo watu walipewa rekodi za waliofika fainali katika mashindano ya muziki wa piano na kuombwa wabashiri mshindi. Waliotazama video isiyo na sauti walimpata mshindi halisi mara nyingi kuliko waliosikiliza sauti peke yake, na wanamuziki wa kulipwa hawakuwa tofauti na watu wa kawaida. Jicho hulitawala sikio, hata la bingwa. Mweke mtoto mbele ya video ya kwaya yake naye ataona nani alivaa soksi zisizo rasmi, nani alipiga miayo, na kwamba kiongozi anarusha mikono kwa madoido. Sauti ya tatu kupotea katika mstari wa pili hataisikia.

Basi mimi hugawa kazi. Tuni, uwiano wa sauti nne, matamshi, pumzi zinazokata neno katikati: hayo ni ya sauti peke yake, na ikiwezekana macho yafumbwe. Video huja pale ambapo kosa linaonekana kabla halijasikika. Mabega yanayopanda mtoto avutapo pumzi. Kidevu kinachoinuka kufukuzia noti ya juu. Vidole vinavyoacha tundu nusu wazi kwenye rekoda, ile filimbi ya plastiki ambayo wanafunzi wengi huchagua kwa ajili ya karatasi ya utendaji ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya. Upinde wa fidla unaoteleza kuelekea shingo ya chombo. Mtoto anaweza kuambiwa mara ishirini kwamba mabega yake yanapanda na asikuamini. Akijiona mara moja huyashusha mwenyewe.

Sasa nije kwenye tabia za simu, na hapa nitakaa, kwa sababu ndipo walimu wengi wanapopotezwa.

Simu imetengenezwa kwa ajili ya mazungumzo. Ndani yake mna mfumo unaopandisha sauti ikiwa ndogo na kuishusha ikiwa kubwa, ili aliye upande wa pili asikie vizuri. Kwa mazungumzo ni jambo la neema. Kwa muziki ni balaa, kwa kuwa ule wimbi wa sauti inayokua taratibu kutoka mnong'ono hadi kilele, ambao mmeuhangaikia wiki nzima, hurudi kutoka kwenye rekodi ukiwa bapa kama chapati. Mwalimu anasikiliza na kuwagombeza watoto kwamba hawakukuza sauti, nao waliikuza. Kuna njia ya kuupima mfumo huo bila kifaa chochote. Mwambie mwanafunzi apige ngoma kwa sauti ndogo mara nne, kisha pigo moja kwa nguvu zote, kisha kwa sauti ndogo tena mara nne. Sikiliza rekodi. Ikiwa yale mapigo madogo ya mwisho yanaanza yakiwa hafifu mno halafu yanavimba, na kelele za nyuma zinapanda nayo kama mtu anayevuta pumzi, basi simu yako inaingilia. Tafuta programu ya kurekodi inayokuruhusu kuuzima mfumo huo na kujipangia kiwango mwenyewe. Zipo za bure.

Tabia ya pili ni kuchuja kelele. Programu ya mawasiliano huchukulia kwamba sauti isiyobadilikabadilika ni kelele: feni, injini, mvua juu ya mabati. Noti ndefu iliyoshikiliwa vizuri nayo haibadilikibadiliki. Shule zilipofungwa Machi 2020, walimu waliojaribu kufundisha filimbi kwa simu ya video walikutana na ajabu hii: mtoto anapuliza noti ya mapigo manne, mwalimu anasikia pigo moja na nusu, zingine zimemezwa. Na ujumbe wa sauti wa WhatsApp, ambao ndio njia rahisi ya kutumiana, hubanwa kwa kiwango kinachotosha maneno tu. Unafaa kumkumbusha mwanafunzi mdundo au maneno ya wimbo. Kuhukumia rangi ya sauti yake haufai. Ukitaka kuhukumu, rekodi katika muundo wa WAV, usiobana sauti, ambao kwa sauti ya mono (ya njia moja) hula takriban megabaiti 5 kwa dakika, kisha rekodi ihamishwe kama faili.

Halafu kuna suala la mahali pa kuweka simu. Wengi huiweka juu ya meza, na meza huirudisha sauti kama kioo kinavyorudisha mwanga, kwa hiyo maikrofoni hupokea kila noti mara mbili kwa tofauti ndogo mno ya muda, na sauti hutoka yenye utupu wa ajabu. Iinue. Ifunge kwa mpira juu ya stendi ya nota, au kwenye mpini wa ufagio uliosimamishwa kati ya viti viwili, ipite vichwa vya mstari wa mbele. Umbali nao una hesabu yake: kila ukiuzidisha mara mbili, sauti inayotoka moja kwa moja vinywani hupungua kwa desibeli 6, ilhali mwangwi wa ukumbi hubaki karibu vilevile. Katika bwalo la sakafu ya saruji na madirisha ya vioo, simu iliyo mwisho wa ukumbi hurekodi bwalo, hairekodi kwaya. Kwa waimbaji arobaini mimi husimama mita tatu au nne. Mwenye nafasi ya kwenda darasa lenye vitabu na mapazia na aende huko; mwangwi huficha makosa, na makosa ndiyo tuliyoyaendea.

Mara moja moja, hata hivyo, weka simu pale pale atakapoketi mwamuzi, mbali, mwangwi na wote. Hiyo ni rekodi ya aina nyingine, ya kujibu swali moja tu: je, maneno yanafika?

Vifaa vya bei nafuu kuliko unavyodhani vinaweza kuongezwa baadaye: kirekodi kidogo cha mkononi chenye maikrofoni mbili, kadi ya kumbukumbu, spika nzuri. Kati ya hivyo vitatu ningeanza na spika. Rekodi safi ikichezwa kwenye spika ya simu hupoteza besi yote, na wavulana wa sauti ya nne hubaki wakijiuliza kama waliimba.

Katika kipindi chenyewe, jambo linaloamua kama kurekodi kutafundisha au kutapoteza muda ni linalofanyika kabla ya kubonyeza kitufe cha kucheza. Nikimaliza kurekodi huwaambia waandike kwenye karatasi zao za solfa, zile nota za do, re, mi, wanadhani tuliteremka wapi, au nani alichelewa kuingia, au ni neno gani halikusikika. Swali moja tu kwa siku. Wakishaandika ndipo tunasikiliza. Mwanafunzi aliyeweka alama mstari wa pili akagundua kwamba kosa lilikuwa mstari wa nne amejifunza kitu kuhusu sikio lake mwenyewe, na hilo nisingeweza kumpa kwa maneno. Anayesikiliza bila kubashiri husikiliza kama redio.

Na vipande viwe vifupi. Sekunde arobaini zinatosha. Rekodi, bashiri, sikiliza, rekebisha mstari ule mmoja, rekodi tena, vyote ndani ya dakika kumi wakati koo bado linakumbuka. Kusikiliza wimbo wote Ijumaa ulioimbwa Jumanne ni hadithi ya mambo yaliyopita. Baada ya muda utaona makosa yanajirudia sehemu zilezile: ti inayopaswa kuegemea do lakini imelegea, mi ya kodi kuu (do-mi-so) iliyoimbwa chini, noti moja inayorudiwa silabi sita mfululizo na kila silabi ikizama kidogo, na mstari unaoshuka ambao hushuka zaidi ya ulivyoandikwa. Watoto wangu sasa huweka alama ya mshale mahali hapo hata kabla hatujaimba wimbo mpya.

Kuna kosa nililofanya ambalo sitalirudia. Nilimwomba mwanafunzi mmoja ashike simu akiwa katikati ya safu ya sauti ya tatu, nione nani anaongoza na nani anafuata. Rekodi ilitoka vizuri mno: mvulana mmoja alisikika waziwazi, nje ya tuni tangu mwanzo hadi mwisho. Niliicheza mbele ya wote. Hakuimba tena muhula ule. Rekodi ya kundi isikilizwe na kundi. Rekodi inayomtaja mtu mmoja ni ya mtu huyo na mwalimu wake, mlango umefungwa. Kila mwanafunzi wangu ana folda yake, na humo huweka dakika moja kila mwezi, kipande kilekile cha mazoezi. Julai tunafungua ya Januari. Sijapata bado maneno ya kumtia moyo mtoto yanayoshinda dakika ile.

Mtihani wa KCSE wa Muziki una karatasi ya utendaji, karatasi ya kusikiliza, na karatasi ya nadharia, historia na uchambuzi. Ile ya kusikiliza huchezwa kutoka kwenye rekodi: mtahiniwa anasikia mdundo au lahani mara kadhaa na kuiandika, anatambua umbali wa noti, anataja miishio ya vifungu vya muziki. Shule nyingi hufanya mazoezi kwa rekodi za mitihani iliyopita hadi watoto wanazikariri. Wape wao kazi ya kuzitengeneza. Mwanafunzi abuni lahani ya miraba minne, aipige kinanda, airekodi kwa nafasi sahihi za kimya kati ya marudio, aandike jibu, kisha wenzake wajaribu. Akikosea kuhesabu mapigo kwenye jibu lake, darasa litamwambia.

Pana hofu moja ambayo walimu wa zamani huitoa, na wana haki. Wanasema rekodi huzaa kasuku. Mwalimu anarekodi sauti nne, moja moja, anawagawia watoto, nao hukariri bila kuitazama karatasi. Mwisho wa kidato cha nne hawawezi kusoma mstari mmoja wa solfa. Wengine hupata mtandaoni rekodi ya kwaya ya ng'ambo ikiimba wimbo uliowekwa na tamasha, wakaiga mpaka lafudhi, na makosa yake pia. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni mpangilio: karatasi kwanza, rekodi baadaye. Waimbe kwa solfa hadi wakwame, wabishane, wafikie uamuzi, ndipo wasikilize kuthibitisha. Na kama ni rekodi ya watu wengine, isiwe moja. Tatu zilizo tofauti kwa mwendo huwalazimisha kuuliza ni ipi inayoifuata nota, na swali hilo huwarudisha kwenye karatasi.

Lakini kusema kwamba kujifunza kwa rekodi ni jambo geni kwetu si kweli. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, alivuka kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili, na nyimbo za Unguja zikasikika kwenye gramafoni mbali na Unguja. Sikio lilifundishwa na mashine kabla hatujazaliwa.

Pale ambapo rekodi si msaada tu bali ni lazima, ni katika muziki wa kiasili. Huo haukuandikiwa karatasi. Chukua isukuti ya Waisukha na Waidakho wa magharibi mwa Kenya, ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Ngoma huwa tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe na manjuga ya chuma. Ukirekodi zote kwa pamoja kwa simu moja, mwanafunzi husikia ukuta wa mapigo na hawezi kuutoa mdundo wa ngoma ndogo humo ndani. Ukimwomba mpigaji wa ndogo apige peke yake, mara nyingi atababaika, kwa sababu sehemu yake inaegemea nyingine kama mafiga.

Mtafiti Simha Arom alikutana na fumbo hilohilo Jamhuri ya Afrika ya Kati, na katika miaka ya 1970 akalitatua kwa kurekodi upya: mwanamuziki wa kwanza anapiga sehemu yake na kurekodiwa, wa pili anaisikia kwa vipokea sauti vya masikioni huku akipiga yake na kurekodiwa peke yake, kisha wa tatu. Mwisho kila sehemu iko wazi, na zikiunganishwa muziki unarudi. Alihitaji mashine nzito. Leo kompyuta ya maabara ya shule yenye Audacity, programu ya bure, na jozi moja ya vipokea sauti vinatosha. Tulijaribu na ngoma tatu. Wanafunzi wangu waligundua kwamba pigo walilolidhani la ngoma kubwa lilikuwa la mbili zikigongana. Programu hiyo hiyo hupunguza mwendo bila kushusha tuni, jambo ambalo kanda za zamani hazikuweza: ukizipunguza kasi kwa nusu, sauti ilizama oktava nzima. Madoido ya orutu, ala ya Waluo ya uzi mmoja ipigwayo kwa upinde, yanayopita kama kufumba na kufumbua yakipunguzwa hadi nusu ya mwendo yanaweza kufuatwa kidole kwa kidole, na video iwe pembeni kuonyesha mkono.

Tahadhari moja hapa. Vipima tuni vya simu vimepangwa kwa mgawanyo wa piano, hatua kumi na mbili zinazolingana. Mpigaji nyatiti, ile ala ya nyuzi ya Waluo, huzifunga nyuzi zake nane kwa sikio alilorithi, na kipima tuni kikiwasha taa nyekundu, kinachosema ni kwamba nyatiti si piano. Nimeona mwanafunzi akianza kumsahihisha mzee kwa simu. Rekodi tuni ya mzee kwanza, uzi baada ya uzi, iwe ndiyo kipimo cha darasa.

Yote haya yanatokea katika shule ambazo, nyingi zikiwa za bweni, zinakataza wanafunzi kuwa na simu. Sioni haja ya kupigana na sheria hiyo. Kifaa kiwe cha idara, kiandikwe kwenye daftari la vifaa, kilale ofisini, na rekodi zihamishiwe kwenye kompyuta ya shule siku hiyohiyo. Simu binafsi ya mwalimu iliyojaa video za watoto wa watu si mahali salama, kwa watoto wala kwa mwalimu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia taarifa za mtoto, na sura na sauti vinamtambulisha mtoto kama jina lake. Ninaomba idhini mbili tofauti mwanzoni mwa mwaka: ya kurekodi kwa ajili ya darasa, na ya kuonyesha nje ya shule. Wazazi wengi hukubali ya kwanza na kukataa ya pili, na haki hiyo ni yao.

Kwa wazee wanaotufundisha kuna Sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii, lakini hata isingekuwepo, adabu ipo. Mzee huulizwa kabla simu haijatoka mfukoni, huambiwa rekodi itatumiwa wapi, na kuna nyimbo atakazosema zisirekodiwe. Hizo tunazisikiliza mikono ikiwa mitupu. Nakala yake humrudia. Mwaka juzi tulimpelekea mpigaji nyatiti mmoja kadi ya kumbukumbu aichomeke kwenye redio yake, ikiwa na alichotupigia yeye na alichojaribu kukipiga msichana wa kidato cha tatu. Alisikiliza cha kwake akiwa kimya. Cha msichana alikisikiliza mara mbili, akaomba kirudishwe nyuma mara ya tatu, na mapigo yalipofikia mahali fulani akainua pete ya chuma, ile ambayo mpigaji nyatiti huivaa kwenye kidole cha mguu na ambayo alikuwa ameivua na kuishika, akaigonga kwenye ubavu wa kiti pale ambapo pigo la mguu lilipaswa kuanguka. Msichana, aliyekuwa amesimama mlangoni, alikwenda kuichukua nyatiti.